Asilimia 7.8: ajira zilivyomrudisha Obama Ikulu mwaka 2012

Ijumaa ya tarehe 5 Oktoba 2012, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitoa ripoti yake ya mwezi. Ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 8.1 mwezi Agosti hadi asilimia 7.8 mwezi Septemba. Siku mbili kabla yake Barack Obama alikuwa amezidiwa waziwazi na Mitt Romney, mgombea wa chama cha Republican, katika mdahalo wa kwanza mjini Denver, na wengi waliomuunga mkono walikuwa wameingiwa na hofu. Zilikuwa zimebaki siku 32 kufikia uchaguzi.

Kati ya 8.1 na 7.8, mtu atauliza, pana tofauti gani? Kwa anayezunguka na vyeti vyake akitafuta kazi, hakuna. Kwa siasa ilikuwa kubwa mno. Tangu Februari 2009, mwezi wa kwanza kamili wa Obama madarakani, kiwango hicho hakikuwa kimeshuka chini ya asilimia 8 hata mara moja. Miezi 43 mfululizo. Romney aliifanya miezi hiyo kuwa nguzo ya kampeni yake, akairudia kutoka jukwaa hadi jukwaa. Asubuhi ile nguzo iling'oka. Tena kiwango kipya kililingana kabisa na kile cha Januari 2009, mwezi ambao Obama aliapishwa. Baada ya karibu miaka minne ya maumivu, nchi ilikuwa imerudi pale ilipokuwa siku ya kiapo, na kwa msingi huo rais akaomba awamu ya pili na akaipata.

Wachambuzi wengi walikieleza kisa hiki kwa mkato: ajira zikirudi, rais anarudi. Mimi siamini kwamba mambo ni mepesi hivyo. Takwimu nzuri humpatia rais nafasi ya kusikilizwa. Baada ya hapo mpiga kura hutazama mambo yanaelekea wapi, hutazama kinachotokea katika mji wake mwenyewe, na hujiuliza ni nani aliyeyavuruga tangu mwanzo. Mwaka 2012 majibu ya maswali hayo yote yalimwangukia Obama vizuri. Miaka mingine hayakuwa hivyo, hata pale takwimu zilipokuwa nzuri zaidi.

Kwanza tuelewe kiwango hicho hupatikanaje, maana ugomvi wa siku ile ulianzia hapo. Kila mwezi maofisa wa sensa huzihoji kaya zipatazo 60,000 kuhusu wiki moja maalumu. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki hiyo huhesabiwa kuwa ana ajira. Asiye na kazi, aliye tayari kuifanya na aliyeitafuta ndani ya wiki nne zilizopita, huhesabiwa kuwa hana ajira. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta haingii katika hesabu hata kidogo. Kwa kipimo hicho, kijana wa Kariakoo au Gikomba anayebeba mizigo siku mbili kwa wiki ana ajira. Ndiyo sababu kwetu wanasiasa hawagombani kwa asilimia ya mwezi. Hugombana kwa ahadi za idadi, kama zile ajira milioni moja za Jakaya Kikwete mwaka 2005.

Sambamba na mahojiano ya kaya, ofisi hiyohiyo huwauliza waajiri wana watu wangapi kwenye orodha ya mishahara. Kwa Septemba 2012 waajiri walionyesha kwamba zimeongezeka kazi 114,000, ongezeko la kawaida tu. Kaya zilionyesha kwamba walioajiriwa wameongezeka kwa 873,000. Pengo hilo likawasha moto. Dakika chache baada ya ripoti kutoka, Jack Welch, aliyewahi kuiongoza kampuni ya General Electric, aliandika kwenye Twitter kwamba takwimu hizo haziaminiki na kwamba watu wa Chicago, yaani kambi ya Obama, wako tayari kufanya lolote. Hakuwa na ushahidi wowote. Waziri wa Kazi, Hilda Solis, alijibu siku hiyohiyo kwamba tuhuma hiyo ni matusi kwa watumishi wa ofisi ya takwimu. Na kweli, wakati huo ofisi hiyo iliongozwa na kaimu kamishna aliyekuwa mtumishi wa serikali wa siku nyingi. Hapakuwa na mteule wa kisiasa ambaye angeweza kuagiza lolote.

Maelezo yaliyofaa yalikuwa wazi kwa aliyetaka kuisoma ripoti. Mahojiano ya kaya hupandapanda na kushukashuka kuliko ya waajiri kwa sababu sampuli yake ni ndogo. Pia wengi wa walioongezeka walikuwa wamepata kazi za muda tu: wanaofanya nusu siku kwa kukosa za kutwa walipanda kutoka milioni 8.0 hadi milioni 8.6 katika mwezi huohuo. Lakini Welch alikuwa ameshauza wazo ambalo baadaye lingekua likazaa mengine, kwamba takwimu ya ajira ikimfaa mpinzani wako basi imepikwa.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya ripoti ile ilikuwa ya Romney mwenyewe, na inastahili kutendewa haki. Januari 2009, asilimia 65.7 ya watu wazima Marekani walikuwa ama kazini ama wanatafuta kazi. Kufikia Septemba 2012 walikuwa asilimia 63.6. Mamilioni walikuwa wametoka sokoni: wapo waliostaafu, wapo waliorudi shuleni, na wapo waliochoka kubisha hodi. Romney alisema kwamba kama watu hao wangebaki kutafuta, kiwango kingekaribia asilimia 11. Hoja ilikuwa na uzito, ila haikupenya. Mpiga kura anayerudi nyumbani usiku akiwa hoi alikuwa ameshazoea kusikia asilimia 8 kuwa ndiyo alama ya kufeli. Alama hiyo ilipopitwa, kumletea kipimo kingine mwezi mmoja kabla ya kura ilikuwa sawa na kuhamisha goli mpira ukiwa umeshaingia.

Obama naye alikuwa amejifunga kwa maneno ya watu wake. Mdororo wa uchumi ulianza Desemba 2007, ukawa janga baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka Septemba 2008, na kabla mambo hayajatulia nchi ilikuwa imepoteza takribani kazi milioni 8.7. Januari 2009 wachumi wake wawili, Christina Romer na Jared Bernstein, walichapisha makadirio kwamba mpango wa kufufua uchumi ukipitishwa, ukosefu wa ajira hautazidi asilimia 8. Mpango wa dola bilioni 787 ulitiwa saini Februari mwaka huo. Kufikia Oktoba kiwango kilikuwa kimefika asilimia 10. Shimo lilikuwa na kina kuliko walivyodhani waliolipima, lakini katika siasa makadirio yakishachapishwa huwa ahadi. Obama mwenyewe alikuwa ameiambia televisheni ya NBC mapema Februari 2009 kwamba asipoyarekebisha mambo katika miaka mitatu, atakuwa rais wa awamu moja. Novemba 2010, ukosefu wa ajira ukiwa bado umepita asilimia 9, Republican walinyakua viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi.

Wakati wote wa kampeni kulizunguka kanuni moja: tangu Franklin Roosevelt, hakuna rais aliyechaguliwa tena ukosefu wa ajira ukiwa juu ya asilimia 7.2. Kihistoria ilikuwa sahihi. Ronald Reagan alishinda mwaka 1984 kikiwa ni hicho 7.2. Ila kanuni hiyo ilikuwa imejengwa juu ya marais wachache sana, na ilificha jambo kubwa. Mwaka 1980 Jimmy Carter aliondolewa kiwango kikiwa asilimia 7.5, karibu sawa na cha Reagan miaka minne baadaye. Carter alifika kwenye kura watu wakitoka kwenye hali nafuu kwenda mbaya. Reagan alifika wakitoka asilimia 10.8 ya mwisho wa 1982, na akayachukua majimbo 49 kati ya 50. Roosevelt mwenyewe alishinda kwa kishindo mwaka 1936, Wamarekani wengi mno wakiwa bado hawana kazi, kwa sababu kila aliyeikumbuka 1933 alijua hali ilivyokuwa mbaya zaidi. Anayeshikilia namba 7.2 bila kutazama imetoka wapi atawaelewa vibaya wote watatu.

Kisa cha George H. W. Bush ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa kuwa uchumi wake ulikuwa umeshaanza kupona. Mdororo uliisha Machi 1991, mwezi uleule ambao vita vya Ghuba vilimfikisha kwenye kuungwa mkono na karibu tisa kati ya kumi ya Wamarekani. Uzalishaji ulikua vizuri mwaka 1992. Lakini ajira zilichelewa: ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi asilimia 7.8 mwezi Juni 1992, na ulipoanza kushuka watu walikuwa wameshaamua. Kamati ya wachumi inayotangaza rasmi mwanzo na mwisho wa midororo ilikaa hadi Desemba 1992, wiki kadhaa baada ya Bill Clinton kumshinda Bush, ndipo ikasema kwamba mdororo uliisha Machi 1991. Bush alisema kweli kwamba mambo yanatengenea, na hakuaminiwa. Kwa rais, ajira zilizorudi Agosti ya mwaka wa uchaguzi hazina thamani sawa na zilizorudi mwaka mmoja kabla.

Ohio

Kama kuna mahali kisa cha 2012 kiliamuliwa, ni Ohio. Hakuna Republican aliyewahi kuingia Ikulu bila kulichukua jimbo hilo, na Romney alilijua hilo. Ndiko pia ajira zilikorudi mapema: kufikia Septemba 2012 ukosefu wa ajira Ohio ulikuwa asilimia 7.0, chini ya kiwango cha taifa. Gavana wa jimbo, John Kasich, alikuwa Republican, na alijivunia hadharani jinsi jimbo lake linavyoinuka. Kwa hiyo Romney alifika mahali ambapo gavana wa chama chake anasema mambo yanakwenda vizuri, naye anataka kuwaambia watu walewale kwamba mambo ni mabaya.

Kisha kulikuwa na magari. Mwishoni mwa 2008 General Motors na Chrysler zilikuwa zinakata roho. George W. Bush, mtangulizi wa Obama, aliziidhinishia mikopo ya dola bilioni 17.4 Desemba ile, na Obama akaongeza kiasi kikubwa zaidi, kwa sharti la kampuni zote mbili kupita mahakamani zikiwa zimefilisika mwaka 2009 na kupangwa upya. Novemba 2008 Romney alikuwa ameandika makala katika New York Times akitaka kampuni hizo zipitie njia ya kufilisika badala ya kumwagiwa fedha za serikali. Makala ilipewa kichwa cha kuitaka Detroit, mji wa viwanda vya magari, iachwe ifilisike. Ndani yake kulikuwa na hoja pana zaidi, na sehemu ya alichopendekeza ndiyo iliyokuja kufanyika, lakini wafanyakazi wa Toledo na Lordstown, miji ya magari huko Ohio, walikisoma kichwa cha habari. Kampeni ya Obama ikahakikisha hawakisahau. Ilirudia kila mahali kwamba kazi moja kati ya nane Ohio inategemea magari.

Oktoba 25, akiwa mji wa Defiance, kaskazini magharibi mwa jimbo, Romney alisema amesoma kwamba Jeep inafikiria kuhamishia uzalishaji wote China. Haikuwa kweli. Chrysler ilikanusha mara moja. Ilichokuwa inafikiria ni kutengeneza magari China kwa ajili ya soko la China. Kampeni ya Romney haikurudi nyuma, ikatoa tangazo la televisheni linalolenga palepale, hadi Sergio Marchionne, mkuu wa Chrysler, akawaandikia wafanyakazi barua kwamba uzalishaji wa Jeep hauondoki Marekani. Toledo imetengeneza Jeep tangu Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka mmoja kabla Chrysler ilikuwa imetangaza kuwekeza dola milioni 500 huko na kuongeza kazi 1,100. Watu wa Toledo hawakuhitaji televisheni iwaeleze hali ya kiwanda chao. Walikuwa wanaingia zamu.

Obama alilichukua jimbo kwa takribani kura 166,000. Kitaifa alipata asilimia 51.1 dhidi ya 47.2, na kura za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais rasmi, 332 dhidi ya 206, kwa hiyo hata angeikosa Ohio angeshinda. Lakini fedha, ziara na hofu za kampeni zote mbili zilikuwa zimerundikwa huko, na huko ndiko kuliko wazi zaidi kwa nini wapiga kura walimvumilia rais ambaye ripoti ya mwisho kabla ya kura, ile ya tarehe 2 Novemba, ilimwonyesha akiwa na asilimia 7.9.

Nani alaumiwe

Siku ya kura, waliohojiwa wakitoka vituoni walitoa majibu ambayo nayaona kuwa muhimu kuliko asilimia zote za Ofisi ya Takwimu. Sita kati ya kumi walisema uchumi ndilo suala kubwa kuliko yote. Asilimia 39 walisema uchumi unatengenea, na asilimia 30 kwamba unaharibika. Kati ya walioona unatengenea, karibu tisa kati ya kumi walimpigia Obama. Halafu wakaulizwa nani wa kulaumiwa zaidi kwa hali ya uchumi. Asilimia 53 walimtaja George W. Bush, aliyekuwa ameshaondoka karibu miaka minne. Asilimia 38 walimtaja Obama.

Hapo ndipo naiona roho ya kisa. Bill Clinton alikuwa ameitengeneza hoja hiyo mwezi Septemba kwenye mkutano mkuu wa Democratic, chama cha Obama, mjini Charlotte, alipowaambia wananchi kwamba hakuna rais, hata yeye mwenyewe, ambaye angeweza kutengeneza uharibifu wote ule katika miaka minne. Mwenye nyumba aliyeikuta ikiungua huvumiliwa kuliko aliyeiwasha. Wala hiyo haikuwa propaganda tupu: mwezi Obama alipoapishwa, kazi zilikuwa zinapotea kwa mamia ya maelfu kabla hajatia saini chochote.

Nisichotaka kukiruka ni waliobaki nje. Mwezi ule wa asilimia 7.8, ukosefu wa ajira kwa Wamarekani weusi ulikuwa asilimia 13.4, na kwa weupe asilimia 7.0. Mwezi uliofuata, wa weusi ukapanda hadi 14.3. Watu milioni 4.8 walikuwa hawajapata kazi kwa zaidi ya nusu mwaka, wanne katika kila kumi wa wasio na ajira. Na bado Wamarekani weusi walimpa Obama zaidi ya kura tisa kati ya kumi. Anayedhani kura ni hesabu ya mfukoni tu hana la kusema hapa. Watu hawa walijua kwamba hali yao ni mbaya kuliko ya jirani, na walipima kwa mizani nyingine: heshima, historia, na nani angewadhuru zaidi. Kutoka Kogelo hadi Detroit wengi walielewa hilo bila kufundishwa. Ninachosikitikia ni kwamba kwa sababu kura zao zilikuwa na uhakika, kampeni zote mbili hazikuona haja ya kuzungumza sana juu ya asilimia 14 yao.

Urithi usiorithika

Romney alikuwa ameahidi kwamba akichaguliwa angeushusha ukosefu wa ajira hadi asilimia 6 mwishoni mwa awamu yake ya kwanza. Chini ya Obama ulikuwa asilimia 5.6 kufikia Desemba 2014, na chini ya 5 mwaka 2016. Kama ajira peke yake ingeamua, Hillary Clinton angeipita Ohio kwa wepesi. Aliipoteza kwa asilimia 8. Donald Trump alikuwa ameshawaambia wafuasi wake mwanzoni mwa mwaka huo, baada ya kushinda New Hampshire, kwamba takwimu za serikali ni za uongo na kwamba huenda ukweli ni asilimia 42. Lile la Jack Welch lilikuwa limekua. Machi 2017, takwimu zilipoanza kumfaa, msemaji wake alieleza kwa niaba yake kwamba huenda zilikuwa za uongo zamani lakini sasa ni za kweli. Agosti 2025, ripoti ya ajira ilipomuudhi, alimfukuza kamishna wa Ofisi ya Takwimu za Kazi, Erika McEntarfer, siku hiyohiyo. Miaka 13 kabla, tuhuma ile ilikuwa ya mstaafu mmoja kwenye Twitter.

Mwaka 2020 nao unavuruga kila kanuni. Ukosefu wa ajira ulipanda hadi karibu asilimia 15 mwezi Aprili kwa sababu ya Uviko, ukashuka hadi 6.9 mwezi Oktoba, mteremko wa kasi kuliko wowote aliowahi kujivunia Reagan au Obama. Trump alishindwa. Waliopiga kura hawakulinganisha Oktoba na Aprili; wengi walilinganisha na maisha yao kabla ya Machi, na walikuwa na wafu wa kuwalilia.

Wilaya ya Trumbull, kaskazini mashariki mwa Ohio, ilikuwa na kiwanda cha Lordstown ambapo General Motors, baada ya kuokolewa, iliongeza zamu ya tatu mwaka 2010 ili kutengeneza Chevrolet Cruze. Mwaka 2012 wilaya hiyo ilimpa Obama asilimia 60 hivi. Mwaka 2016 ilimchagua Trump, Republican wa kwanza kuichukua tangu Nixon mwaka 1972. Tarehe 9 Novemba 2016, siku moja baada ya kura, General Motors ilitangaza kwamba zamu hiyo ya tatu inaondolewa. Kiwanda kizima kilisimama Machi 2019, Trump akiwa Ikulu, baada ya yeye kuwaambia watu wa eneo hilo wasiuze nyumba zao kwa kuwa kazi zinarudi. Mwaka 2020 wilaya ilimpigia kura tena, kwa tofauti kubwa kuliko ya kwanza.